Sesilia na Ndege wa Kahawia

Wanangu, mlipokuja kwangu Makambako mwezi uliopita, mmoja wenu aliniuliza kitabu gani cha kutambulia ndege kinamfaa mtu anayeanza kazi. Upepo ulikuwa unatikisa mabati, hatusikiani vizuri, na chai ilikuwa inapoa. Nikamjibu kwa mkato: nunua chenye jalada gumu. Mkacheka, mkamaliza chai, mkaondoka na gari lenu la mradi. Tangu siku ile jibu hilo limenikaa vibaya. Leo nimepata utulivu, naandika jibu lenyewe. Ni refu, na sehemu kubwa inamhusu mtu ambaye ninyi hamkumjua.

Nianze na lile la kazi, ili mkichoka njiani muwe mmeshalipata.

Ukiona ndege usiyemjua, usifungue kitabu. Mtazame yeye. Kitabu kipo mfukoni, hakiruki. Anza na mdomo, maana mdomo unakuambia anakula nini, na anachokula kinakuambia nusu ya ukoo wake. Kisha miguu. Kisha mkia: mrefu au mfupi, anautikisa au ametulia nao. Jisemee kwa sauti ndogo kama unamsimulia mtu aliyefumba macho: mdomo mfupi mnene, kifua kina michirizi, anatembea badala ya kurukaruka. Endelea hivyo mpaka aondoke mwenyewe. Akishaondoka, fungua kitabu. Anayefungua kitabu kwanza huona picha, akaipenda, halafu anamlazimisha ndege wa watu kufanana nayo.

Najua ninachosema. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye mashamba ya nje ya Njombe, asubuhi ya ukungu mzito, nikaona bundi juu ya nguzo ya uzio. Nilikuwa nimesoma juu ya bundi usiku mzima uliotangulia. Nikawaambia wakae chini, wasikohoe. Nikawaeleza kwa kunong'ona: angalieni alivyokunja shingo, angalieni rangi ya mgongo, huyu anasubiri panya. Wakaandika kila neno. Akatokea mzee mmoja na jembe begani, akatusalimia, "Kamwene," akamchukua bundi wetu juu ya nguzo, akamkung'uta, akamvaa mguuni. Lilikuwa buti lake la mvua. Wanafunzi wale leo ni watu wazima, mmoja ni bosi wenu, na bado akinipigia simu huuliza habari za buti.

Siku hizi mna simu zinazosikiliza. Ndege akilia, simu inaandika jina. Sina ugomvi nazo, hata mimi ninayo moja. Nasema tu kwamba jina likija kabla ya kutazama, mara nyingi hatutazami tena.

Mimi nilizaliwa karibu na Kidugala, kwa wazazi wakulima. Nyumbani tulikuwa na majina ya ndege waliotuhusu: wanaoiba mtama, wanaoiba vifaranga, wanaotangaza mvua. Waliobaki wote walikuwa videge tu. Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa sayansi alinipa kitabu cha ndege nikitunze wakati wa likizo, kwa sababu nyumbani kwake panya walikuwa wengi. Kilikuwa cha Kiingereza, sikukielewa. Lakini picha nilizielewa. Nilifungua ukurasa mmoja nikakuta vile videge vya kahawia vya majanini, ambavyo tangu nizaliwe nilidhani ni ndege mmoja, vimepangwa kwa safu, kila kimoja na jina lake. Huyu ana utosi mwekundu kidogo. Huyu ana mkia mfupi. Huyu hana michirizi mgongoni. Nilitoka nje nikasimama kwenye majani nyuma ya jikoni. Nilijiona kama mtu aliyeishi mtaani miaka yote akiwaita majirani wake wote "wewe". Hicho ndicho kilichonifanya niwe mtafiti wa ndege. Wengine watawaambia walivutiwa na tai. Mimi nilivutiwa na wale ambao hakuna aliyewatazama.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye nyanda hizi, kutoka Makambako mpaka milima ya Makete, kabla mkubwa wangu wa kazi hajanikabidhi jambo ambalo nilikuwa nimeliomba tangu nikiwa kijana: kitabu cha ndege wa nyanda za juu, kwa Kiswahili, cha kutumiwa mashuleni. Maneno ningeyaandika mimi. Mchoraji tulikuwa hatuna.

Nilimpata ukutani. Karibu na stendi ya Makambako kulikuwa na banda la kuku na chipsi, na kwenye ukuta wake alichorwa kuku jike. Mmeona kuku wa mabandani, wote wanacheka na kuvaa kofia ya mpishi. Huyu hakucheka. Alikuwa amegeuza kichwa pembeni akikutazama kwa jicho moja, kama kuku anavyomtazama mtu asiyemwamini, na magamba ya miguu yake yalipangwa kama yalivyo. Nikamuuliza muuzaji ni nani aliyechora. Akanionyesha kwa kidole mwanamke aliyekuwa juu ya ngazi upande wa pili wa barabara, anaandika SALUNI YA KISASA.

Nikasimama chini ya ngazi. Nikamsalimu, nikamwambia kuku wake ni mzuri.

"Kuku gani?"

"Wa pale kwenye chipsi."

"Yule nilimchora kwa hasira," akasema bila kushuka. "Alikuwa ananidonoa."

Huyo ndiye Sesilia. Alikuwa mjane, Mkatoliki kutoka upande wa misheni karibu na Njombe, anaishi nyuma ya kituo cha reli na mwanawe Gaudensi, ambaye wakati huo alikuwa anasomea ualimu. Alikuwa amechora nusu ya mabango ya mji ule: ng'ombe wa mabuchani, ramani za kuta za shule, moyo na mapafu kwenye zahanati. Nilipomweleza habari za kitabu alishuka ngazi, akafuta mikono kwa tambara, akaniuliza swali moja tu: "Hao ndege nitawaona, au utaniletea picha zao?"

Nikamwambia atawaona.

"Basi nakuja."

Siku ya kwanza alikuja porini na kitenge chekundu na mwavuli wa manjano. Ndege wote wa bonde lile walihamia bonde la pili. Nilimweleza kwa upole, siku iliyofuata akaja amevaa koti la marehemu mumewe la rangi ya udongo, na hakulivua tena miaka yote tuliyofanya kazi.

Hakujua majina. Alichokuwa nacho ni subira ya macho. Mimi nikitazama ndege natafuta alama: mstari juu ya jicho, doa begani. Yeye aliuliza mambo ambayo sikuwahi kujiuliza. Ana uzito gani? Akitua kwenye jani, jani linashuka kiasi gani? Siku tuliyokuwa tunawavisha ndege pete za utambulisho miguuni nilimwekea mmoja kiganjani. Akafumba macho. "Ni kama kiberiti kilichobaki njiti chache," akasema, na kuanzia hapo ndege wake walianza kukaa juu ya majani, hawakuning'inia tena hewani kama wale wa vitabu vingine.

Kati ya wote alimpenda chozi wa milimani, yule dume wa kijani kinachong'aa kama bati jipya lililopakwa rangi, mwenye manyoya mawili marefu mkiani na doa la njano begani ambalo hulificha mpaka akasirike. Tulikuwa tunakwenda kumtazama kwenye maua ya kando ya barabara ya Makete. Sesilia alikuwa akimwona anaacha kila kitu. "Huyu," akasema, "nitamchora nikishajua kuchora." Na alimpenda mbayuwayu wa buluu, yule anayekuja na mvua na kutaga ndani ya mashimo ya ardhini, kwenye majani mafupi ya mabondeni. Bonde tulilomwonea limekuwa shamba la misindano ya mbao sasa. Simlaumu mtu, wenye bonde wana watoto wa kusomesha. Nalitaja tu kwa kuwa mnalipita kila wiki kwenye gari lenu na hamjui kwamba ni bonde.

Sasa nakuja kwenye macho.

Tulianza kuona dalili bila kuzijua. Alikuwa anajigonga begani kwenye fremu ya mlango, tunacheka. Anamwaga chai iliyowekwa pembeni yake. Siku moja ofisini Njombe alinikabidhi picha ya kwera dume, yule mweusi mwenye mkia mrefu kama utepe. Ndege alikuwa mzuri sana, lakini alikuwa amechorwa ukingoni kabisa mwa karatasi, na mkia umeishia pale karatasi ilipoishia.

"Dada, mkia umekatika," nikamwambia.

"Mkia gani umekatika? Si huo hapo?"

Nikamshika kichwa nikakigeuza taratibu mpaka akauona ukingo wa karatasi. Akautazama muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono wake pembeni, akachezesha vidole, akausogeza mbele kidogokidogo. Ulipofika karibu na pua ndipo akasema, "Sasa nauona."

Tulikwenda hospitali ya Ilembula wiki ileile. Daktari alimpima bila haraka na akamweleza bila kumficha. Ilikuwa presha ya macho, ya muda mrefu, aina isiyouma. Inaanza pembeni na kuja katikati. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ingejaribu kulinda kilichobaki. Sesilia akauliza kitabaki muda gani. Daktari akasema hawezi kuahidi. Wengine huenda nacho miaka mingi, wengine hawaendi, na yake ilikuwa imechelewa kujulikana. Tulipotoka nje tulikaa kwenye benchi, watu wanapita na mabakuli ya uji ya wagonjwa wao. Alikuwa ameshika kichupa cha dawa kwa mikono miwili.

"Zimebaki kurasa ngapi?" akaniuliza.

"Achana na kurasa, Sesilia."

"Nimekuuliza zimebaki ngapi."

Zilikuwa zimebaki nyingi. Wale wa msituni walikuwa bado, chozi na jamaa zake, mbayuwayu, na wale wa kahawia wa majanini wote, ambao tulikuwa tunawaahirisha kwa sababu ni wagumu. Nikamwambia aanze na anaowapenda. Nilimaanisha. Nikamwambia chozi amemngoja muda mrefu.

Akatikisa kichwa. "Mzuri hana shida. Mtoto atamjua chozi hata kama nimekosea. Hawa wa kahawia ndio wanaotaka macho. Nikiwaacha mwisho nitachora madoa."

"Hakuna atakayekulaumu."

"Wewe ndiye uliyenisimulia habari za nyuma ya jikoni kwenu," akasema. "Sasa unataka watoto wawaite tena 'wewe'?"

Alianza na wa kahawia.

Sijui kama mnaelewa alichofanya. Ndege wale wanatofautiana kwa kitu kidogo kuliko kucha. Mmoja ana michirizi minene mgongoni, mwenzake ana myembamba. Mmoja utosi wake una wekundu wa kutu, mwingine una wekundu wa tofali. Mmoja wao anaishi kwenye nyanda hizi zetu na kidogo ng'ambo, upande wa Malawi, basi, duniani kote hayupo kwingine. Aliwachora kwa muda wa misimu miwili ya mvua. Asubuhi tulikuwa tunakwenda naye majanini, namshika mkono kwenye mashimo, kwa kuwa chini ya miguu alikuwa haoni tena. Mbele aliona, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ndege akipanda juu ya bua la jani, mimi namwelekeza darubini, yeye anatazama kipande: leo kichwa, kesho bega. Akirudi anachora kile kipande tu. Ndege mmoja alimchukua majuma. Mchana alikaa kwenye mlango wa nyumba yake penye mwanga, pua inakaribia kugusa karatasi, na burashi yenye manyoya machache aliyoipunguza mwenyewe kwa wembe. Hakutaka kusemeshwa. Nilikuwa namwekea viazi vya kuchemsha karibu na mkono, mahali pale pale kila siku, ili asivitafute.

Kuna jioni alininyooshea karatasi akasema, "Huyu ni nani?"

Nikamtaja bila kufikiri, kama unavyomtaja jirani.

"Hukufungua kitabu?"

"Sikufungua."

Alicheka sana siku ile. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumsikia akicheka kwa sababu ya ndege.

Wa kahawia walipoisha akageukia wengine. Alipaka rangi kwa furaha, haraka, na mimi nikaona mapema kwamba mambo si mazuri. Nikajiambia labda ni mwanga. Nikazifunga picha kwenye bahasha, nikazipeleka Njombe kwa mhariri wetu, kijana mpole aliyemheshimu Sesilia kama mama yake. Akazipanga mezani moja moja. Chozi alikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokauka. Doa la njano lilikuwa jeupe lenye uchafu. Mbayuwayu alikuwa na bawa moja refu kuliko jingine.

"Mama," mhariri akasema, "mtoto akishika picha hii hatampata ndege."

Hayo ndiyo maneno ambayo mimi na Sesilia tulikuwa tukiwaambia watu siku zote: picha inayopendeza si kitu kama haimwonyeshi ndege.

"Nani atamwambia?" akauliza.

"Mimi."

Nilimkuta Sesilia anawamwagia kuku pumba. Nilisalimia, nikakaa kwenye kigoda. Akaendelea na kuku wake mpaka wakashiba.

"Umenyamaza tangu uingie. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi ni picha."

"Ni picha."

"Zipi?"

"Chozi. Mbayuwayu. Na wale wa msituni."

"Za kahawia?"

"Za kahawia zimepita zote. Mhariri anasema hajawahi kuona…"

"Sikuuliza anasemaje. Zimepita?"

"Zimepita."

Akafuta mikono kwenye koti. Alitafuta ukuta kwa kiganja, akauegemea. "Chozi wangu ana nini?"

Ningeweza kusema ni mambo ya uchapaji. Ningeweza kusema karatasi ilikuwa mbaya. Lakini tulikuwa tumefanya kazi pamoja kwa miaka, na hatukuwahi kudanganyana juu ya ndege.

"Kijani hakimo, dada. Umeweka kahawia."

"Nilikuwa nakiona," akasema. "Wakati nachora nilikuwa nakiona kijani kabisa."

Nilimshika mkono, hakuutoa. Nikamuuliza kama anazitaka picha zake. Akasema hapana, niende nazo, kwake zingekuwa karatasi tu. Kurasa zile zilichorwa na kijana mwingine wa Dar es Salaam, kwa kutazama picha za kamera, na alifanya vizuri.

Kitabu kilipotoka nilikuwa mtu wa kwanza kumpelekea. Wakati huo alikuwa anaona mwanga na giza, si zaidi. Akalipapasa jalada, akanusa karatasi, akapitisha vidole juu ya kurasa kama atakuta miinuko ya rangi. "Laini," akasema. "Hakuna kitu." Akaniambia nimsomee. Siyo maneno yangu, picha zake. Basi nikakaa karibu naye mlangoni nikamsimulia ndege wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Alinisahihisha. "Hapana, huyo wa juu kulia hajakaa wima, nimemwinamisha, anasikiliza." Nikatazama tena. Kweli, alikuwa amemwinamisha. Miaka yote nilikuwa sijamwona.

Tukafika kwa chozi.

"Wa huyo kijana," akasema. "Ni mzuri?"

"Ni mzuri."

"Kijani?"

"Kijani."

"Kinang'aa?"

"Kinang'aa, dada."

Akafunga kitabu, akanirudishia. "Kampe mtoto wa mtu," akasema, na hakukiulizia tena.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza: nunua kitabu chochote, kiwe kipya au cha mtumba, kiwe na jalada au kimekatika. Ila ukifika kwenye ukurasa wa ndege wa kahawia, usiruke. Kila mtu huruka ukurasa ule. Mimi nimewaona, mnalamba kidole mnakimbilia tai na hondohondo. Kaa hapo kidogo. Kuna mtu aliyeweka hapo macho aliyokuwa amebakiwa nayo.

Baada ya kitabu nilifanya kile ambacho watu wa kazi yetu hufanya tukiona mtu anateseka: nilimpelekea ndege. Nilirekodi sauti za bonde zima, nikazipanga vizuri, nikampelekea na kiredio kidogo cha kuzisikilizia. Nikamweleza kwamba wako watafiti wanaotumia masikio tu, kwamba angeweza kujifunza, kwamba ningekuja kila Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila ukali:

"Tumaini, mimi siyo mtu wa masikio. Nilikuwa mtu wa macho, na macho yamekwisha. Usinitengeneze niwe mtu mwingine ili wewe upate usingizi."

Nikarudi nyumbani na kiredio changu. Nilikuwa nimeumia. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa sijui namna nyingine ya kukaa na rafiki. Ndege ndio waliokuwa mazungumzo yangu, zawadi zangu, na pole zangu. Wakiondolewa hao, nilikuwa naingia kwa watu mikono mitupu.

Gaudensi, aliyekuwa ameajiriwa shule ya msingi kule Ipelele, Makete, na kuoa hukohuko, akaja kumchukua mama yake. Nikawasindikiza mpaka kwenye basi. Sesilia alivaa koti lake la udongo. Watu wa stendi walimuaga kwa kelele, maana mabango yao yote yalikuwa mkono wake, na nilipotazama upande wa banda la chipsi nikaona ukuta umepakwa upya rangi ya kampuni ya simu.

Alifariki mwaka jana, wakati wa baridi kali, kwa nimonia. Kule Makete baridi haina mzaha, na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Nilifika mazikoni nimelowa ukungu. Wanajumuiya waliimba vizuri sana. Wasifu wa marehemu ulisomwa: kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, mtoto mmoja, alikuwa mchora mabango hodari Makambako, alipata matatizo ya macho. Habari za ndege hazikutajwa. Baadaye Gaudensi alinijia akiwa na aibu, akasema aliyeandika wasifu ni kijana wa jumuiya, hakujua. Nikamwambia aache, asihangaike. Nilimaanisha kwa wakati ule. Lakini nimekuja kuandika haya, kwa hiyo huenda sikumaanisha sana.

Siku ninayotaka kuwasimulia mwisho siyo ile. Ni ya miezi michache kabla, nilipokwenda kumtembelea Ipelele. Nilikuwa nimejiapiza sitazungumza habari za kazi. Nilifika mchana, jua dhaifu, Gaudensi yuko shule na mkewe kashuka bondeni, kwenye bustani zao za vinyungu. Sesilia alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, amejikunyata ndani ya koti, sufuria la maji mbele yake na debe la viazi pembeni. Akanitambua kwa hatua zangu.

"Kamwene, dada. Kisu kingine kiko ndani, juu ya kabati."

Nikachukua kisu, nikakaa. Tukamenya. Alimenya vizuri kuliko mimi, ganda jembamba lisilokatika, kidole gumba kikitangulia kutafuta macho ya kiazi. Tukazungumza habari za mkwewe, mwenye bidii na mdomo. Tukazungumza habari za goti langu. Tukakaa kimya, tukazungumza tena. Nilikuwa naona ajabu jinsi ilivyo rahisi.

Ndipo akalia ndege kwenye majani nyuma ya nyumba.

Ninyi siwaambii ni ndege gani. Mimi nilimjua pale pale, na yeye alimjua, kwa sababu mikono yake ilisimama. Kisu kilikuwa nusu ya kiazi. Aligeuza uso kidogo kuelekea kule, na kwa kitambo ulikuwa uso wake wa zamani, wa asubuhi za majanini, kabla sijamwelekezea darubini. Ndege akalia tena. Jina lilikuwa mdomoni mwangu. Nikasubiri kama atalisema yeye.

Hakulisema. Nami sikulisema. Ndege akalia mara nyingine, mbali kidogo, halafu akanyamaza, na kisu chake kikaanza kutembea upya.

"Viazi vya mwaka huu vina maji mengi," akasema.

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Mvua ilizidi."